Mabua Mbele ya Nyumba ya Kezia

Kezia Munnings alinivunja mimi mfupa wa bega. Nasema mapema ili msije mkadhani namsifia marehemu kwa sababu ni marehemu. Alikuwa mkorofi, mdomo mchafu, mkono mwepesi, na mtaa mzima wa Pargeter hakuna aliyepita mlangoni kwake bila kujua leo ameamkaje. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka ya watu kwa mashine ya magogo mawili, lile la juu zito kiasi cha kutaka wanaume wawili. Yeye alilizungusha peke yake tangu asubuhi mpaka jioni kwa miaka ishirini. Sasa mwanamke wa mikono ile akikuzaba kofi, hukai ukauliza kosa lako.

Mumewe, Amos, alikuwa dereva wa basi la farasi. Kijitu kidogo, mkimya, masharubu makubwa kuliko uso. Mimi nilikuwa mtunza farasi kwenye zizi lililo nyuma ya nyumba yao, kwa hiyo Jumamosi zao nilizisikia zote: sahani zinaruka, kiti kinavunjika, Amos anatoka mbio akiwa na kiatu kimoja. Tukicheka sisi, yeye anacheka zaidi.

"Leo amekupiga na nini, Mzee Amos?"

"Na bata."

"Bata mzima?"

"Wa kuchoma. Nimekula paja njiani."

Lakini kila siku saa sita na nusu mchana Kezia alisimama kona ya mtaa na bakuli la pai ya samaki mkunga, lenye moto, limefunikwa kitambaa. Amos hakusimamisha farasi. Alipunguza tu, akainama kutoka kile kiti chake cha juu, akalipokea, na wala hawakusemezana. Miaka ishirini na miwili bakuli halikuwahi kuanguka. Mimi nimeoa mara mbili na sijawahi kupendwa hivyo.

Ndipo mwaka wa elfu moja mia tisa na saba yakaja yale mabasi ya mota. Yalikuwa na rangi ya manjano, nasi tukayaita Manjano, na mengine siwezi kuyasema mbele ya watu wa heshima. Lo! Nani aliyaruhusu yale madude? Kila dakika nne moja linapita, linanguruma, minyororo inalia, linatema moshi mweusi na kumwaga mafuta barabarani. Vyombo vilianguka kabatini. Bomba la moshi la Bi Tamplin lilidondoka juu ya paa lake mwenyewe. Mashuka ya Kezia yaliyoanikwa uani yakawa na madoa, naye akayarudia kuyafua bila kulipwa. Likiharibika, na yaliharibika kila siku, linakaa mlangoni mwa mtu kutwa nzima, dereva yuko chini ya tumbo lake anatukana. Sisi wa zizini tulikwenda kuwazomea.

"Mpe shayiri!"

"Mtazame meno, labda kazeeka!"

Zomeazomea ikageuka ngumi, ngumi zikageuka mawe. Kondakta mmoja tulimtumbukiza kwenye birika la farasi. Wao wakaja saba na spana, wakampasua Dick wa zizi la pili kichwa. Kezia naye alimkamata kondakta mwingine, akamzungushia shuka bichi shingoni na kumburuta kutoka ngazi ya nyuma mpaka mfereji wa maji machafu. Hakimu akampa siku saba. Alipotoka alisema chakula cha jela kilikuwa na chumvi kidogo.

Haya, hayo yote tuliyaona mchezo. Asubuhi moja ya Oktoba mchezo ukaisha.

Amos alikuwa anakata kona kuingia mtaani kwetu. Manjano moja likatoka nyuma yake, likataka kumpita papo hapo kwenye kona, na lilipokuwa sambamba na farasi, injini ikalipuka kwa kishindo cha bunduki. Wale farasi jike wawili, Peony na Duchess, niliwalea mimi kwa mkono wangu. Walitimua. Basi la Amos likagonga nguzo ya taa, naye akarushwa kutoka kiti chake, akatua kwa kichwa kwenye ukingo wa mawe. Nilisikia nikiwa zizini. Nilipofika, Peony alikuwa amelala ubavu, mguu wa mbele umevunjika na mfupa uko nje, anajaribu kusimama, anaanguka, anajaribu tena. Nilimshika kichwa wakati mchinjaji anashusha shoka. Manjano halikusimama.

Daktari alisema fuvu la Amos limepasuka. Hata kumpandisha ngazi haikuwezekana, ikabidi alazwe chumba cha mbele, chini, dirishani kabisa pa barabara, pale penye mashine ya Kezia.

"Mama, nisikilize," daktari akamwambia. "Siku kumi. Asiguswe, asitikiswe, asisikie kelele. Akilala, atapona. Akitikiswa, damu itamwagikia ndani ya kichwa, na hapo mimi sina dawa."

"Na yale?" Kezia akauliza, akionyesha dirisha. Chumba chote kilikuwa kinatetemeka, Manjano linapita. Amos alipiga yowe ambalo sikujua mtu mdogo vile analo.

Daktari alivaa kofia yake, akatoka.

Basi Kezia akachukua chuma cha kuchochea moto akatoka nje. Siku ile moja alivunja taa za mabasi matatu, akamvunja dereva mmoja vidole viwili, na abiria mwenye kofia ndefu aliyemwita mlevi akarudi kwao bila kofia. Polisi wawili walimshika, wa tatu akaja kuwasaidia. Sajenti alikuwa mtu wa mtaani kwetu, akasema naye kwa upole.

"Kezia, nikikupeleka leo ni miezi mitatu. Nani atamuuguza mzee wako?"

"Afande, nisipowapiga anakufa."

"Ukiwapiga tena atakufa peke yake. Chagua."

Aliingia ndani, akakaa kwenye beseni lililopinduliwa, akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, nikaogopa kuliko siku zote. Nami, kwa kutaka kumnyamazisha, nikafungua domo langu.

"Bi Kezia, kwa nini tusimwage mabua?"

Kwetu, mtu akiwa mahututi, watu wa nyumba yake humwaga mabua ya ngano barabarani mbele ya mlango, mengi, magurudumu yapite kimya. Na dereva yeyote aliyelelewa akiona mabua anajua kuna mgonjwa. Anawavuta farasi watembee hatua kwa hatua, anavua kofia. Hata wezi wa mikokoteni walifanya hivyo. Ilikuwa zaidi mambo ya matajiri, maana mabua si bure, lakini mimi nilikuwa nalala juu yake.

"Utayatoa wapi?"

"Usiniulize."

"Pilbeam, wakikukamata watakufukuza kazi."

"Nimesema usiniulize, wewe mama!"

Nikaiba. Mikokoteni mitatu ya mabua ya kulalia farasi wa kampuni yetu. Tukayamwaga kutoka nguzo ya taa hadi kwenye pampu ya maji, unene wa mpaka kifundo cha mguu. Mara moja mtaa ukatulia. Madereva wa farasi walipita kofia mkononi, kwato hazisikiki, mmoja mmoja wakimwinamishia Kezia kichwa, kwa sababu wote walimjua Amos. Wale wa Manjano walikuwa vijana wa viwandani ambao hawajawahi kushika hatamu maishani. Wao waliyavuruga mabua kama hawayaoni, mwendo uleule, moshi uleule. Kezia aliwatolea macho tu, chuma chake akakificha chini ya aproni. Ila hata wao kishindo kilipungua. Chumba hakikutetemeka sana. Amos alilala saa tatu mfululizo.

Siku ya pili akafumbua macho. Siku ya nne alisema, "Mama, saa sita na nusu haijafika?" Kezia akatoka uani akaipiga teke ndoo, akaipiga tena, huku anacheka na machozi yanamtoka. Akapika pai. Amos alikula vijiko viwili. Nawaambia ukweli, siku ile nilijiona mtu mwema. Nilitembea mtaani kifua mbele.

Usiku wa kuamkia siku ya sita ilinyesha mvua. Asubuhi mabua yalikuwa yameloa, yamekandwa na mavi ya farasi na mafuta ya Manjano, mtaa mzima unateleza kama sabuni. Saa moja farasi wetu mmoja alianguka magoti pale pale. Niliona. Mimi ndiye niliyemnyanyua, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Nikabisha dirishani kwa ukucha.

"Bi Kezia, haya yameharibika. Niyazoe?"

"Uweke mengine?"

"Mengine hakuna. Msimamizi ameanza kuyapima."

"Basi thubutu kuyagusa. Amelala. Siku nne tu zimebaki."

"Yanateleza, mama."

"Wateleze, wafe! Nani aliwaita huku?"

Ningeweza kuyazoa kwa nguvu. Angenipiga, na ningepona. Sikuyazoa. Nilichukua ufagio, nikaanza kusukuma maji kwenye mfereji, kazi ya kujidanganya.

Manjano matatu yalipita saa mbili. Vijana wale hawakupunguza kitu, waliyakata mabua moja kwa moja, vum, wakaenda zao. Kezia alisimama kizingitini na kuwalaani mmoja mmoja, wao na mama zao.

Saa tatu na dakika kumi likatokea la nne. Nikamtambua dereva: Jabez Lintott. Huyu Jabez alifundishwa kuendesha farasi na Amos mwenyewe, alikula mezani kwa Kezia miaka sita, na alipohamia kwenye mota mwezi wa Juni Kezia alimtemea mate kifuani mbele ya watu. Walikuwa wamempanga njia nyingine, upande wa mtoni. Ile ndiyo siku yake ya kwanza kupita kwetu.

Jabez akaona mabua. Akainua macho kutazama ni nyumba ya nani, na nikaona uso wake ulivyobadilika. Akavua kofia kwa mkono mmoja, akaiweka kifuani. Mguu wake ukakanyaga breki.

"Mwone Jabez," Kezia akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya furaha. "Bado ana adabu, mshenzi yule." Akaushusha mkono wenye chuma.

Farasi ukimvuta, anapunguza. Lile dude lilifunga magurudumu yake, na magurudumu yaliyofungwa juu ya mabua mabichi ni hadithi nyingine. Makalio ya basi yakaanza kuja mbele, polepole. Jabez akaitupa kofia, akashika usukani kwa mikono miwili, akawa anauvuta kuelekea kifuani, anapiga kelele "Hoo! Hoo!", ile sauti tunayowasimamishia farasi. Abiria wa ghorofa ya juu ya basi wakaanza kurukaruka chini. Tani tano zikapanda njia ya miguu kiubavuubavu, zikaing'oa pampu, zikaingia nyumba ya Kezia kwa dirisha la mbele.

Matofali yalianguka kwa muda mrefu. Likianguka moja unadhani ni la mwisho, kisha linakuja lingine. Kezia alikuwa ameingia kabla vumbi halijatoka. Mimi nikamfuata. Mashine ya magogo mawili ilikuwa imesukumwa hadi ukutani kwenye jiko, na kitanda kilikuwa katikati. Sitasema zaidi ya hapo. Amos alikuwa amekufa, na hakuhitajika daktari kulisema.

Nilipotoka nje, watu wa zizi walikuwa wamemtoa Jabez kwenye kiti chake na kumlaza mabuani. Walikuwa wanane, kumi. Walimpiga kwa viatu, kwa kamba za lijamu, mmoja ana kipande cha tofali. Jabez hakujikinga hata kidogo. Nami nikaingia. Nilimpiga teke mbavuni, nikamwongeza la pili, na nilipiga kwa nguvu zangu zote, maana kama ni yeye aliyemuua Amos, basi si mimi. Hilo nililijua palepale mguu wangu ulipokuwa hewani. Sikuacha.

Kezia akatokea kwenye tundu la ukuta, mweupe kwa vumbi toka kichwani mpaka miguuni, chuma mkononi. Watu wakampisha. Nani angemzuia? Kila mmoja alijua anakwenda kummalizia, na wengine, Mungu atusamehe, walisogea ili waone vizuri.

Pigo la kwanza lilinishukia mimi, hapa begani, mfupa ukalia ka! Pigo la pili Dick, akaanguka. La tatu yule mwenye tofali. Alitupiga sote, wanaume kumi, akatutawanya kutoka juu ya yule kijana.

"Mwacheni! Mwacheni, mbwa nyie! Wote wamepita, wote! Huyu peke yake ndiye aliyepunguza!"

Kisha akakaa mabuani, akamwinua Jabez kichwa akakiweka mapajani. Jabez alikuwa hana meno ya mbele tena. Kezia akamfuta damu kwa aproni. Halafu akamzaba kofi.

"Mjinga wewe! Ulipunguza nini?" Kofi la pili. "Wenzako wamepita, mzee amelala usingizi wake! Kwa nini upunguze? Nani alikwambia upunguze?"

"Niliona mabua, mama," Jabez akasema. "Nilijua ni mzee."

Hapo ndipo Kezia alipopiga yowe lake. Mpaka leo nikilikumbuka natoka nje ya nyumba.

Kwenye uchunguzi wa kifo, mkubwa wa mahakama aliuliza ni nani aliyeacha mabua yaliyooza barabarani bila kibali cha halmashauri, na yalitoka wapi. Nilisimama, mkono wangu umefungwa shingoni. Kabla sijatoa neno Kezia akanirudisha kitini kwa kiwiko, upande ule ule ulioumia.

"Nimeyaweka mimi. Nimeyaiba mimi. Huyu hapa ni mlevi tu, hajui lolote."

Wakamfunga wiki sita. Nilikwenda kumpokea langoni, nikajaribu kusema nilichotaka kusema. Alinitazama.

"Pilbeam, ukilitaja hilo tena nakuvunja la pili."

Sikulitaja.

Alipotoka ndipo alipoanza vituko ambavyo watu wanamkumbukia. Akisikia mahali pamemwagwa mabua, hata mtaa wa mbali, alikwenda na reki yake, akayazoa. Mchana kweupe, mbele ya nyumba za watu wenye wagonjwa wao! Fikiria mwenyewe: mama yako anakata roho ndani, nje jimama limevua shali linakokota mabua yako hadi mferejini. Walimpiga. Mwokaji mmoja alimvunja pua. Watumishi wa nyumba moja kubwa walimwachia mbwa. Alifungwa mara mbili tena. Hakumweleza mtu sababu, na walimwita kichaa, naye alikubali kuitwa hivyo. Mara nyingine nilikwenda naye, nikabeba reki ya pili, na tulirudi wote wawili tunachechemea. Jabez alimletea makaa ya mawe kila majira ya baridi. Hakushika usukani tena maisha yake.

Mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na nne, mwezi wa Machi, mapafu ya Kezia yakajaa maji. Aligoma kupelekwa hospitali. Alilala chumba kile kile cha mbele, kwa ukuta uliojengwa upya, na daktari mpya, kijana, akasema maneno ya yule wa zamani: atulie, asisumbuliwe na kelele. Mwuza makaa wa jirani, mtu mgeni mtaani lakini mwema, alisikia. Kesho yake asubuhi nikamkuta nje na mkokoteni, anamwaga mabua.

"Zoa hayo," nikamwambia.

"Mzee, ni kwa ajili ya bibi yule. Nimeyanunua kwa pesa yangu."

"Nimesema zoa!"

"Una wazimu? Bibi wa watu anakufa!"

Nilikuwa na miaka sitini na nane na yeye labda arobaini. Tulipigana pale katikati ya barabara, mabasi yanatupigia honi huku na huku. Alinitia ngumi ya jicho, nikaanguka, nikamshika miguu, naye akaja chini. Mwishowe watu walitutenganisha, na mabua nikayazoa kwa mikono, moja moja, mpaka jiwe likaonekana.

Nikaingia ndani. Kezia alifumbua jicho moja.

"Nani kakupiga?"

"Mwuza makaa."

"Na wewe?"

"Nimemng'oa jino."

Alicheka mpaka akakohoa damu, nikamshika mgongo. Nje basi lilikuwa linakuja. Kikombe kikaanza kugongana na kisahani chake, dirisha likatetemeka, kitanda kikatetemeka, na vidole vyake vikanikamata mkono, bado vina nguvu. Likaja, likafika usawa wetu, likaenda.

"Limepita?" akauliza.

"Limepita."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja, Bi Kezia."

Akaniachia mkono, akafumba macho alale.